Chai Isiyo na Uzi

Jumanne mchana Tatu alipeleka chakula mahabusu, pale Lushoto, akaambiwa ana dakika tano. Bada, ule ugali wa muhogo, na mchicha alivitia kwenye bakuli la bati, bakuli akalifunga ndani ya kitambaa. Askari alikifungua kile kitambaa, akakagua, akakifunga tena ovyo ovyo. Athumani, mumewe, alitolewa akasimama upande wa pili wa meza. Siku kumi na tisa zilikuwa zimemmaliza. Chakula hakukigusa.

"Kesi ni Ijumaa," alisema. "Mwenzangu wa zamu ameandika kwamba nilikuwa nimelala."

"Ulikuwa umelala?"

Athumani alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na mama yake mzazi. Tatu akatamani ardhi immeze.

"Bomba la moshi lilikuwa na ufa tangu mwaka jana," Athumani akasema polepole. "Mzee Kornelio ndiye aliyenionyesha, alipokuwa msimamizi wetu. Tukaliwekea alama kwa patasi. Sasa amestaafu, yuko kwao Amani. Nimemtumia salamu mara mbili, hajajibu. Mfuate, mama Hadija. Mtu mwingine sina."

Mwaka ule, sabini na sita, neno hujuma lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Kiwanda cha chai alichofanyia kazi Athumani kilikuwa mali ya umma, na mali ya umma ikiungua sharti apatikane aliyeiunguza. Asubuhi moja chumba cha kukaushia kiliteketea pamoja na chai ya wiki mbili, na mchochea tanuru alikuwa yeye. Kibaya zaidi, mwezi mmoja kabla ya moto alisimama kwenye mkutano wa wafanyakazi akasema, "Hili tanuru litatuonyesha siku moja." Alikuwa anaonya. Sasa maneno yale yalikaa kwenye jalada la polisi kama kitisho.

Tatu alikuwa mhudumu kwenye nyumba ya wageni ya serikali, na kazi ile ilikuwa imemfundisha kwamba ukienda kumwomba mtu mzima jambo zito, huendi mikono mitupu. Nyumbani hakukuwa na kuku wala asali. Kilichokuwepo ni boksi la chai ya vifuko, ya kutoka ng'ambo, aliloachiwa na mtaalamu mmoja wa misitu alipoondoka. Vifuko ishirini na viwili, kila kimoja na uzi wake na kikaratasi chekundu. Mwaka mzima alikuwa amelificha kwenye sanduku, chini ya kanga zake za harusi, akingoja siku yenye maana. Kwa Tatu hiyo ndiyo ilikuwa chai hasa. Ndiyo waliyokunywa wakubwa: unatumbukiza, unavuta uzi, hutafuti chujio wala hutemi makapi. Yeye na mumewe walichemsha ile ya pakiti ya dukani, na sukari ilipopatikana waliijaza mpaka ladha nyingine isisikike.

Jumatano akamwacha mtoto kwa jirani, akashuka na basi mpaka Mombo, na Mombo akapata jingine la Muheza. Lilipata pancha mara mbili njiani. Alilala kwa mama mmoja muuza machungwa aliyemhurumia pale stendi, na Alhamisi kulipopambazuka akapanda lori lililokuwa linakwenda Amani kuchukua mbao.

"Nageuza saa saba," dereva alimwambia. "Ukichelewa nakuacha, na leo hakuna gari jingine."

Ilikuwa imeshagonga saa nne alipoiona nyumba aliyoelekezwa, chini kidogo ya msitu, imezungukwa na iliki. Mzee mrefu, mwembamba, alikuwa ameinama anapalilia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka mbali. Naviona viatu vyako."

"Natoka Lushoto. Mimi ni mke wa Athumani, yule wa tanuru."

Mzee Kornelio alisimama wima. Uso wake, uliokuwa umeanza kuchangamka, ukajifunga kama mlango.

"Mimi na kiwanda tumeshamalizana," alisema. "Mke wangu atakupa maji ya kunywa, upumzike, halafu uwahi gari lako."

"Kesi ni kesho, baba. Wanataka kumfunga kwa hujuma."

"Nimesikia."

"Basi kama umesikia..." Alilitoa lile boksi kikapuni akampa kwa mikono miwili, huku amepiga goti. Hakujua afanye nini kingine.

Mkewe mzee, mama mnene mwenye kitambaa cheupe kichwani, alikuwa ametoka na kusimama mlangoni. Jina lake Jenoveva. Alitazama boksi, akamtazama mumewe. Mzee Kornelio alitoa kifuko kimoja, akakikwaruza kwa ukucha mpaka kikapasuka, akamwaga kilichomo kwenye kiganja. Akapuliza. Chai yote ikapeperuka, kiganja kikabaki kitupu.

"Unajua hiki ni nini?" aliuliza, bila dharau. "Chai ikishakauka tunaipitisha kwenye chekecheke. Majani mazima yanabaki juu. Yaliyokatika yanafuata. Chini kabisa, mwisho wa yote, linabaki vumbi hili. Sisi tulikuwa tunalizoa kwa fagio."

Tatu alihisi machozi yanapanda. Mwaka mzima, chini ya kanga za harusi.

"Usione haya," Jenoveva alimwambia. "Mimi mwenyewe nilikuwa sijui mpaka huyu alipostaafu. Baba Klara, mpe mgeni chai. Huwezi kumrudisha mtoto wa watu Lushoto na vumbi tu."

"Mama, muda wa chai sina. Lori linaondoka saa saba."

"Maji hayatangoja saa saba kuchemka. Kaa."

Akakaa kwenye kigoda. Alihesabu kila kitu alichofanya yule mzee na kila kitu kilikuwa kirefu mno. Alichota maji mapya mferejini, hakutaka yaliyolala mtungini. Alichochea kuni. Akaleta mkebe wa bati, akaufungua akamwekea puani, na Tatu, aliyekuja kuomba roho ya mumewe, akajikuta ananusa. Haikuwa harufu ya chai aliyoijua. Ilinukia kama nyasi zilizokatwa zikalala juani, na nyuma yake kitu kama pera lililoiva. Ndani mlikuwa na majani meusi marefu, yamesokotwa kama nyuzi za ukili, na hapa na pale ncha moja ya rangi ya dhahabu.

"Nina miche kumi na minne tu pale nyuma," mzee alisema. "Nachuma majani mawili na kichipukizi. Nayaanika ukumbini mpaka yalegee, nayafikicha kwa mkono, nayafunika mpaka yawe na rangi ya senti mpya, ndipo nayakausha kwenye chungu. Moto ndio kazi yenyewe. Ukizidi umeunguza. Ukipungua, yanaota ukungu."

Alitia kiganja kidogo cha majani kwenye birika, akamimina maji, akafunika. Wakangoja. Tatu alitazama jua. Mzee alipofunua, majani yale makavu yalikuwa yamefunguka, mapana na laini, kama yamechumwa asubuhi ile. Alimimina kwenye kikombe. Chai ilikuwa nyekundu, angavu, chini ya kikombe unaona. Maziwa hakutia. Sukari hakutia.

Tatu hakuwahi kunywa chai bila sukari isipokuwa siku za shida. Alipiga funda moja ili amalize heshima, aendelee na maombi yake. Chai ilimgusa ulimi kwa uchungu mdogo, safi, ukapita. Kisha kooni, alipokwisha kumeza, utamu ukarudi wenyewe, taratibu, bila kuitwa. Akapiga funda la pili kuona kama ni kweli. Ilikuwa kweli. Akanywa la tatu, akafumba macho, na kwa kitambo hakukuwa na kesi wala lori, alikuwepo yeye na kile kikombe cha moto mikononi.

Alipofumbua macho aibu ikamshika. Mume yuko mahabusu, na yeye amekaa milimani anastarehe! Akaanza kulia kwa sauti, kikombe bado mkononi.

"Ni kali?" Jenoveva aliuliza.

"Nzuri, mama. Ndiyo maana." Alijifuta kwa upindo wa kanga. "Hii ndiyo anayokausha Athumani?"

"Miaka tisa," alisema mzee. "Yetu ya mashine haifikii hii, lakini yale majani ya juu yalikaribia. Yalikwenda yote nje."

"Hatujawahi kuyaonja." Tatu alitazama ndani ya kikombe. "Baba, Athumani akirudi kutoka kazini alikuwa ananusa mikono yake. Nilikuwa namcheka. Anasema leo moto ulikuwa mzuri, leo moto ulikuwa na haraka. Mimi nikidhani ni maneno ya kuzoea kazi. Kumbe alikuwa anasema habari ya kitu hiki. Wewe umekaa naye. Mtu wa namna hiyo anaweza kukichoma kwa makusudi? Anaweza kulala?"

Mzee Kornelio aliweka kikombe chake chini. Mikono yake mirefu ilitafuta kitu cha kushika, ikakosa.

"Hakulala," alisema. "Na hakukichoma. Najua kuliko mtu yeyote." Akamgeukia mkewe, kana kwamba yeye ndiye aliyeuliza. "Wiki yangu ya mwisho, meneja aliniletea karatasi. Imeandikwa tanuru limekaguliwa, bomba limebadilishwa. Nikamwambia halijabadilishwa. Akasema vipuri viko njiani, ni wiki ijayo tu, weka sahihi jalada lifungwe, uende kwenu kwa heshima. Nikaweka."

"Hukuniambia," Jenoveva alisema.

"Ningekuambia nini? Nikisimama mahakamani nikasema bomba lilikuwa na ufa, swali la pili litakuwa, sahihi hii ni ya nani? Nina miaka sitini na tatu, mama Klara."

Kuku walikuwa wanadonoa uani. Tatu alielewa yote mara moja. Alikuwa amekuja kuomba neno moja la kweli. Kumbe alichokuwa anaomba ni mzee huyu aingie pale Athumani atakapotoka. Mtu mwenye utu, alifikiri, angeshukuru kwa chai akaenda zake. Alingoja aone kama angekuwa mtu huyo. Hakuweza.

"Njoo, baba," alisema. "Najua ninachokuomba. Njoo hivyo hivyo."

Aliyeinuka ni Jenoveva. Aliingia ndani, akakaa huko muda, wakasikia sanduku linafunguliwa. Alipotoka alikuwa na koti jeusi la kanisani na viatu. Alivitupa miguuni mwa mumewe badala ya kuviweka.

"Vaa," alisema. "Na usinitazame."

Lori walilikuta limeshawashwa.

Ijumaa asubuhi Mzee Kornelio alisimama mbele ya hakimu, koti limefungwa vifungo vyote. Alieleza habari ya ufa, ulipo, urefu wake, na alama waliyoichonga pembeni. Kisha mwendesha mashtaka akanyanyua karatasi.

"Ndugu Kornelio, hii ni sahihi ya nani?"

"Yangu."

"Kwa hiyo ulithibitisha jambo la uongo?"

"Ndiyo, bwana."

Athumani, kizimbani, aliinamisha kichwa. Hakujua habari ya sahihi ile. Tatu alimwona anavyotikisa kichwa polepole, kama anayekataa kupewa kitu.

Kesi iliahirishwa. Watu walitumwa kwenye magofu ya chumba cha kukaushia, wakakwangua masizi, wakaukuta ufa na alama kando yake. Baada ya wiki tatu Athumani aliachiwa. Kazini hakurudishwa, aliambiwa nafasi yake imejazwa. Meneja alihamishiwa mkoa mwingine, na kwa kadiri Tatu alivyosikia, alihamishwa kwa cheo kile kile. Mzee Kornelio alifunguliwa shtaka la taarifa ya uongo, akapewa miezi sita. Alipokuwa anatolewa mahakamani alipita karibu na Tatu. Mzee alimgusa bega tu akaenda.

Siku ya tatu tangu aachiwe, Athumani alikuwa hajasema maneno kumi. Alikula, alimbeba Hadija, alikaa mlangoni. Ya nne aliamka mapema, akafunga nguo zake kwenye shuka.

"Iliki za mzee zitamezwa na magugu," alisema. "Mvua za vuli ziko karibu."

"Twende wote," alijibu Tatu.

Alimwomba bibi msimamizi wa nyumba ya wageni ruhusa ya siku nne, akapewa mbili. Wakamchukua mtoto, wakashuka Mombo, wakapita Muheza, wakapanda. Njia nzima Tatu alipanga maneno ya kumwambia Jenoveva, na kila alipoyapanga yalionekana machache.

Walimkuta amekaa ukumbini anachambua maharage. Alikuwa amekonda usoni. Athumani alimsalimia, akaitikia. Tatu akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

Jenoveva aliendelea kuchambua kwa kitambo. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka msituni, ulikuwa umeshaifikia miti ya kwanza.

"Marahaba," alisema mwishowe, bila kuinua macho. "Majembe yako nyuma ya nyumba. Anzeni kule chini, kwenye mteremko. Huyo mtoto mwacheni hapa kwangu."

Wakashuka mteremkoni. Magugu yalikuwa yamefika magotini. Athumani akashika mstari mmoja, Tatu akashika wa pili, wakalima bila kusemezana mpaka mvua ilipoanza kunyesha, na ilipoanza hawakuacha.