Vyandarua vya Golini

"Sikilizeni, nyote mlio wazima na mlio na homa! Kuanzia leo, malaria imefukuzwa shule!"

Ndivyo alivyotangaza Mkuu wa shule Jumatatu asubuhi, mbele ya wanafunzi waliopanga mistari, kidole kikielekea mbinguni. Nyuma yake yalipangwa marobota ya vyandarua vyenye dawa, vipya, vingali vinanukia kiwanda. Alisema kila kitanda kitapata chake, kila mwanafunzi atalala kama mfalme, na mbu wote wa bwenini wanapewa notisi ya kuhama. Wanafunzi walipiga makofi. Mbu mmoja, aliyekuwa ametua shingoni mwa Mkuu tangu hotuba ilipoanza, hakupiga makofi kwa sababu alikuwa mezani.

Jumatano vyandarua vilikuwa vimetundikwa golini.

Sababu ilikuwa nzito. Jumamosi shule ilikuwa mwenyeji wa fainali ya kombe, na Mkuu alikuwa ameona kwamba mgeni rasmi hawezi kukalishwa kwenye kiti cha sponji halafu atazamishwe magoli matupu kama kinywa cha kibogoyo. Fundi wa shule aliviunganisha vyandarua kwa sindano ya kushonea magunia, tabaka juu ya tabaka ili kombora lisipenye. Goli moja lilimeza vyandarua vya bweni zima, na la pili likameza vya bweni la pili. Kimoja kilikosekana. Fundi akasema labda kiwandani walihesabu wakiwa na usingizi.

Matroni alisimama kando, mfuko mtupu wa chandarua mkononi.

"Mkuu, hapa wameandika kianikwe kivulini siku nzima ndipo kitumike. Na kisikae juani, dawa inaisha nguvu."

"Matroni, jua nililiweka mimi?"

Matroni akaukunja ule mfuko, akarudi kwa wagonjwa wake.

Mlinda mlango wa timu alikuwa wa kidato cha tatu, na shule nzima ilimwita Pazia, kwa jinsi mipira ilivyokuwa ikimsogeza na kupita. Pazia alikuwa na mdogo wake kidato cha kwanza, aliyeitwa Dogo, mtoto mwenye akili nyingi, sura ya kupendeza na adabu isiyo na doa. Muhula ulikuwa haujafika katikati na Dogo alikuwa amelazwa chumba cha wagonjwa mara ya tatu, akitetemeka mpaka kitanda kikawa kinatembea. Siku ya kufungua shule, mama yao alimshika Pazia bega akamwambia, "Mdogo wako namwacha mikononi mwako." Mikono yenyewe ni ile iliyofungwa mabao saba mechi iliyopita. Lakini mama huwa haangalii matokeo.

"Kaka, chandarua changu kiko wapi?" Dogo aliuliza kutoka chini ya mablanketi.

"Golini."

"Kinakulinda wewe?"

"Mimi nasimama mbele yake. Kinalinda hewa."

"Basi hewa haitaumwa," alisema Dogo, akageukia ukutani.

Jioni ile timu ilifanya mazoezi. Mshambuliaji alipiga shuti la wastani, Pazia akaruka upande usiohusika, na mpira ukaingia. Ulipogusa chandarua ulitetemeka kidogo, ukazunguka mara moja kama mtu anayetafuta pa kukaa, ukaanguka chali, ukafa.

Mwalimu wa michezo alipiga magoti, akauwekea sikio. Akaleta pampu, akapampu, mpira ukajaa vizuri tu lakini haukudunda. Alipouachia ulitua puu, ukabaki pale pale.

"Umekwenda," akasema, akavua kofia.

Waliuzika nyuma ya stoo ya vifaa. Nahodha alisema maneno machache kuhusu uvumilivu wa marehemu, hasa kwa mabeki wa pembeni. Kisha wakaleta mpira mwingine, nao ukafa kabla ya kengele ya chakula.

Pazia akaenda kumwuliza matroni.

"Ni dawa," alisema matroni, akiendelea kukung'uta kipimajoto. "Chandarua hakijui kama kiko kitandani au golini. Chenyewe kinajua kazi yake. Kikiguswa, kinaangusha."

"Mbona mimi nakigusa na sifi?"

"Wewe ni mkubwa, mwanangu. Mpira ni mdogo. Ila nawa mikono."

Kesho yake mwalimu wa michezo alitunga sheria kwamba mazoezini ni marufuku kufunga bao. Washambuliaji wa shule ile hawakuona kilichobadilika.

Ijumaa Pazia alichomekea shati, akaenda kugonga ofisi ya Mkuu.

"Shikamoo, Mkuu. Naomba chandarua kimoja tu, cha mdogo wangu. Nitashona tundu mwenyewe."

"Marahaba. Kimoja kikitoka goli litapwaya. Umeshaona mtu akivaa suruali ya mguu mmoja?" Mkuu alijikuna shingo. "Lakini mimi si mtu mbaya. Leteni kombe. Mkileta kombe, Jumapili vyandarua vyote vinarudi bwenini. Hilo ni neno langu."

Pazia alitoka pale akiwa kipa mwingine. Alikimbia kuzunguka uwanja mpaka soksi zikaomba msamaha.

Jumamosi mgeni rasmi alikalishwa kwenye kiti cha sponji. Wageni walifunga mapema, bao la kichwa, na mpira ukafia miguuni mwa Pazia. Refa aliukagua, akatazama saa yake, akaagiza mwingine. Kipindi cha pili wenyeji walisawazisha kwa mpira uliogonga mgongo wa mshambuliaji wao alipokuwa amejiinamia akipumua, na huo nao ukafa. Ukabaki mmoja, waliokuja nao wageni, mkongwe, wenye viraka. Refa akawaita manahodha wawili.

"Hakuna mwingine. Atakayeua huu ndiye mshindi."

Wakakubaliana kwamba ni haki.

Dakika za mwisho winga wa wageni alibaki peke yake na Pazia. Alimwangalia kipa, akatabasamu, akaachia shuti. Pazia hakuruka. Alisimama tu, akanyoosha mikono ileile iliyokabidhiwa mdogo wake, na mpira ukaja kifuani ukatulia kama mtoto aliyechoka. Hakuna aliyewahi kuona tukio hilo, Pazia mwenyewe akiwemo. Kisha akaupiga teke la nguvu zake zote. Ulipaa juu ya viungo, ukapaa juu ya mabeki, ukadunda mara moja mbele ya kipa wa wageni aliyekuwa ameinama anafunga kamba za kiatu, ukampita, ukagusa chandarua, ukafa ukiwa shujaa.

Walimbeba Pazia mabegani, wakampitisha dirishani kwa wagonjwa. Dogo alitoa kidole gumba nje ya blanketi.

Jumapili vyandarua havikurudi. Mkuu alieleza kwamba mabingwa hawawezi kuonekana na magoli wazi siku moja baada ya ubingwa, watu watasema kombe limeazimwa. Kisha ikaja siku ya wazazi, na wazazi lazima waone. Kisha mahafali, na picha za mahafali hupigwa golini. Jua lilipiga kila siku, wala halikuwa na upendeleo. Kitanda cha Dogo kiliendelea kutembea, mpaka matroni akakifunga kamba kwenye nondo za dirisha.

Taratibu mipira ikaanza kupata afueni. Kwanza iliacha kufa, ikawa inazimia tu na kuzinduka kwa maji. Baadaye ikawa inapata kizunguzungu, inatoka golini ikiyumba. Wiki chache mbele ikawa inapiga chafya moja na kuendelea na mchezo. Mwalimu wa michezo alifurahi, akaruhusu tena mabao. Siku mpira ulipoingia wavuni na kurudi ukidunda, mzima, mwekundu wa mashavu, Mkuu aliitisha mkutano na kunyoosha kidole mbinguni.

"Vyandarua sasa ni salama! Vinarudi bwenini! Mimi nikisema, nimesema!"

Wanafunzi walipiga makofi. Matroni peke yake aliiacha mikono yake mfukoni.

Pazia alifunga chandarua cha Dogo kwa mikono yake mwenyewe, akachomekea pembe zote chini ya godoro. Kilikuwa kimepauka, na upande mmoja kilikuwa na alama ya mpira. Kabla hajamaliza, mbu alikuja akatua juu yake, akatembea kidogo, akasugua miguu, akapata tundu, akaingia ndani bila haraka kama mpangaji mwenye funguo.

"Kaka," alisema Dogo, "huyu hajazimia hata."

Pazia alikaa ukingoni mwa kitanda.

Siku iliyofuata, mtu asiyejulikana alipiga mpira kutoka pembe ya uwanja, ukaingia dirishani mwa nyumba ya Mkuu, ukaenda moja kwa moja chumbani. Huko ulikuta chandarua cha buluu, kimefungwa vizuri, kimekaa kivulini tangu mwanzo kama maelezo yanavyotaka. Mpira ulikigusa. Haukuzimia wala haukupiga chafya. Ulikufa papo hapo.

Asubuhi Mkuu alisimama mbele ya shule na mpira chini ya kwapa.

"Nani aliyempiga teke marehemu?"

"Pole, Mkuu," alisema matroni kwa upole. "Mpira umefia wapi?"

"Hilo silo swali la leo," alijibu Mkuu, akanyanyua mkono wa pili. Alikuwa ameshika kiatu, maana mpira haukuingia peke yake. Kiatu kikapitishwa mstari kwa mstari, kikajaribiwa mguu kwa mguu, hadi kikamfikia mtu aliyesimama na soksi moja imechafuka.

Sawa, nakiri. Ni mimi, Dogo. Mguu ni wangu, kiatu ni changu, na zile sifa za akili na sura nilijipa mwenyewe. Kaka anasema ya adabu ndiyo uongo mkubwa kuliko yote. Nilitaka tu kujua kile kimoja kilichokosekana kiko wapi.

Nilihukumiwa kuchimba kaburi la mpira, nyuma ya stoo, pembeni ya wenzake. Homa ilikuwa imeanza tena, jembe likawa linacheza mkononi, basi kaka akaja akashika mpini pamoja nami. Pale tulipokuwa, dirisha la Mkuu lilionekana vizuri. Lilikuwa wazi, na chandarua cha buluu kilipepea polepole, na hapakuwa na mbu hata mmoja karibu nacho. Notisi ya kuhama waliipata, na wote walikuwa wameshahamia kwetu.