Mbegu za Ukutani

Marcelina alikuwa ameshamwaga ndoo ya kumi na mbili ya maji kwenye matuta ya mkwewe kabla mkwe mwenyewe hajafika bondeni. Hakuna aliyemtuma. Ilikuwa Jumatano, siku ambayo Samson huja Kidahwe na pikipiki yake ya magurudumu matatu kuchukua nyanya za kupeleka Kigoma mjini, na leo ndiyo mara ya kwanza Consolate kuwa na nyanya za kumuuzia. Mama mkwe gani angelala siku kama hiyo?

"Bwakeye, mabukwe," Consolate alisalimia kwa Kirundi cha kwao, akashusha matenga mawili matupu kutoka kichwani. Mwaka mzima tangu aolewe na Gasper alikuwa akimwita hivyo, mama mkwe wangu, kwa sauti ndogo na macho chini.

"Bwakeye, mwanangu. Jua limekutangulia."

"Nilikuwa naosha matenga."

"Tenga nalo linaoshwa! Haya, tuchume."

Marcelina alimpenda sana msichana huyu, na hakujua namna ya kumwambia zaidi ya kumfanyia kazi bila kuulizwa. Gasper alikuwa Kasulu kwenye vibarua vya ujenzi. Pesa za nyanya hizi zilikwisha kupangiwa mabati ya jiko jipya la Consolate, lililokuwa na kuta nzuri za udongo na paa la nyasi linalovuja.

Wakaanza kuchuma, na Marcelina akalazimika kuona jambo alilolifumbia macho kwa wiki tatu. Mche mmoja ulikuwa mrefu na matunda yake madogo kama ngogwe. Wa pili ulizaa nyanya ndefu zenye ncha. Wa tatu nyanya zake zilikuwa za njano, na wa nne ulikauka majani yote. Hapa na pale tu ndipo uliposimama mche wenye nyanya kubwa, nyekundu, ngumu, kama zile za mwaka jana.

Ah, zile za mwaka jana! Marcelina alikuwa amenunua pakiti moja ya mbegu chotara kwa Bonaventura, mwenye duka la pembejeo pale barabarani. Nyanya zikazaa zikifanana kama tofali zilizofyatuliwa kwa kalibu moja. Naye akafanya alivyofanya mama yake na bibi yake. Alichagua zile bora kuliko zote, akaziacha ziive mpaka zilegee, akakamua mbegu kwenye bakuli, akaziacha siku mbili zitoe povu, akaziosha, akachanganya na majivu na kuzipaka kwenye ukuta wa jikoni karibu na mafiga. Ukuta ule ndio uliokuwa ghala lake. Maboga yana mahali pake, pilipili pake, mnavu pake.

Katika ukoo wao bibi harusi hupewa mbegu za ukuta huo. Atazipanda, atavuna, kisha atapaka zake kwenye ukuta wa jiko lake mwenyewe. Kabla ya hapo, hata akizaa mapacha, bado ni mgeni. Gasper alipomuoa Consolate, binti wa wakimbizi wa Burundi waliotulia huku, Marcelina alichukua kisu akakwangua doa lote la zile nyanya kubwa.

Samson alifika saa tatu. Alichungulia tenga la kwanza, akachungulia la pili, akavua kofia.

"Shikamoo, mama. Sasa huu ni ukoo gani? Kila mtu na baba yake!"

"Marahaba. Zote ni nyanya, Samson. Zikipikwa zinafanana."

"Kwako sawa. Mteja wangu wa hoteli anataka saizi moja, rangi moja. Nikimpelekea hizi ananipiga chini leo leo." Hakuwa mtu mbaya. Alichagua mwenyewe zilizofaa, zikajaa ndoo moja, akalipa palepale. "Mkanunue mbegu ya dukani, mama. Mambo ya kienyeji mjini hayalipi."

Alipoondoka, Consolate alikaa kwenye tuta. Alianza kuzipanga upya nyanya zilizobaki, ndogo huku, ndefu kule, ingawa hapakuwa na mnunuzi wa kumpangia.

"Mabukwe, kuna neno linasemwa kule kisimani. Bi Eufrasia anasema ulinipa makapi. Eti nyanya nzuri ulibaki nazo, kwa kuwa mimi ni wa kambini."

"Na wewe unasemaje?"

Consolate alitazama tenga. "Mimi sijasema kitu."

Mdomo wa Eufrasia Marcelina aliuzoea, walikuwa majirani miaka ishirini. Ukimya huu wa mkwewe ndio uliomchoma moyo.

"Nyanyuka," alisema. "Twende."

Walipitia nyumbani, Marcelina akachomoa chini ya godoro pakiti tupu ya mwaka jana, aliyoitunza pamoja na cheti cha ubatizo. Dukani walimkuta Bonaventura nyuma ya kaunta, na Erasto, afisa kilimo, amekalia mfuko wa mbolea akinywa soda. Marcelina akaweka pakiti mezani.

"Nilipanda mbegu zako nikapata nyanya. Nikapanda mbegu za nyanya hizo nimepata vichekesho. Nieleze."

Bonaventura aliigeuza pakiti, akaweka kidole kwenye herufi na namba ndogo pembeni. "Hii ni chotara, mama. Baba aina yake, mama aina yake. Mara ya kwanza wanatoka sawasawa. Ukipanda tena wanatawanyika, kila mmoja anarudi kwa ndugu zake. Inatakiwa kununua mpya kila msimu. Imeandikwa hapa."

"Hicho ni Kiingereza."

"Ndiyo, lakini imeandikwa."

"Kwangu haijaandikwa. Wewe siku unaniuzia uliniambia nini?"

"Nilikwambia ni mbegu bora."

"Na ilikuwa bora kweli. Ndiyo maana nikaitunza! Kitu kibaya nani anakitunza?"

Erasto akashusha chupa. "Halafu nasikia umegawa, mama. Kwa idhini ya nani unagawa mbegu?"

"Ya mama mkwe wangu," Marcelina alijibu. "Ni marehemu. Ukitaka barua, kaiombe huko."

Bonaventura alijitahidi asicheke, akashindwa. Akatoa pakiti mpya, akaisogeza mbele na kutaja bei. Mwaka jana Marcelina aliuza kuku wawili kupata pakiti ileile, mwaka huu wangehitajika watatu. Hakuigusa.

"Mwambie mkwe wangu jambo moja tu. Nilimpa makapi?"

Mwenye duka alimtazama Consolate, uso ukamshuka. "Hapana, dada. Alikupa mbegu za nyanya nzuri kuliko zote nilizowahi kuona hapa. Mimi ndiye sikumwambia."

Walirudi jikoni kwa Marcelina, Consolate akaingia wa kwanza. Aliinama karibu na mafiga, akaona kati ya maboga na pilipili mahali palipokwanguliwa mpaka kwenye udongo, alama za kisu zikiwa bado wazi.

"Hukubakiza hata moja?"

"Nibakize ya nini? Mkwe ninaye mmoja."

"Kumbe ndiyo maana mwaka huu hukupanda nyanya. Ulisema shamba linapumzika!"

"Limepumzika. Nami nimekula mlenda mpaka nimeteleza."

Consolate alicheka, kisha akalia, kisha akavifanya vyote pamoja. Marcelina alimshika mabega, maana naye macho yalikuwa yamejaa.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya vilima, walirudi bondeni. Marcelina alichana pindo la kitenge chake, wakafunga vipande kwenye miche minne iliyozaa vizuri, ili matunda yake yaachwe kwa mbegu.

"Misimu mingapi mpaka zifanane tena?" Consolate aliuliza.

"Sijui. Bibi yake Gasper alichagua boga la mbegu kila msimu mpaka meno yakamtoka."

Mabati hayakununuliwa. Waliongeza nyasi kwenye paa la jiko la Consolate, na siku chache baadaye Eufrasia alipopita kuomba moto alimkuta ameshika bakuli la mbegu na majivu. Alishapaka nusu kwa mama mkwe wake, palepale palipokwanguliwa. Nusu aliipaka kwenye ukuta wake, doa lake la kwanza. Kisha akachukua mkaa, akaandika chini yake kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, ili yeyote atakayepewa asije akadanganyika: NYANYA. HAZIFANANI BADO. CHAGUA NZURI, PANDA TENA.