Unga wa Maganda ya Matoke

Mbuzi wa mtaa wetu wa Mbuya, Kampala, walikuwa na haki ya kumchukia baba yangu. Kila asubuhi aliwatangulia kwa akina mama wapishi wa Nakivubo, akazoa maganda yote ya matoke, akayaleta nyumbani, akayaosha na kuyaanika juu ya mabati. Majirani walimcheka: Mzee Marjan, Mnubi wa ukoo wa askari, leo anagombania chakula na mbuzi! Yeye aliwajibu kwamba binti yake Sumayiya anayasomea. Huyo Sumayiya ndiye mimi.

Chuoni Kyambogo nilikuwa nikiyachoma maganda hayo bila hewa, ndani ya bomba la tanuri, mpaka yageuke kaboni yenye vitundu vidogo ajabu, vidogo hata hadubini yetu ya darasani haivioni. Vitundu hivyo hunasa sumu ya viwandani iliyomo kwenye maji machafu. Kazi yenyewe ni ya subira. Gesi ya naitrojeni lazima ipite bombani muda wote, hata moto ukishazimwa, hadi bomba lipoe. Hewa ikiingia mapema unapata majivu, na majivu hata mbuzi hawayataki. Nilikuwa nimeshapata majivu mara nyingi, hadi nikawa namnunia kila aliyeniuliza habari za masomo.

Jumatano ile niliwasha tanuri mapema. Chumba cha gesi hatuingii na simu, kwa hiyo yangu niliiacha mezani kwa Masinde, msimamizi wa maabara. Masinde ni Mkenya wa Bungoma, alikuwa amehamia Kampala mwaka huo huo. Mtu mpole, wa kanisani, asiyejua kumkaripia mwanafunzi. Nilimwona kama kaka.

Adhuhuri ilikuwa imepita nilipofungua bomba. Unga ulitoka mweusi tii, mwepesi, bila chembe ya jivu. Nikapiga vigelegele peke yangu kama mwendawazimu. Masinde akaja, akautazama, kisha akavuta kiti.

"Hongera, dada. Sasa kaa chini kidogo. Walipiga simu kutoka kwenu. Mzee ametuacha."

Sikukaa. "Walipiga saa ngapi?"

"Asubuhi, saa nne hivi. Nilitaka upate kitu mkononi kwanza, ndio upate habari. Matanga ni ya siku mingi, dada. Tanuri ni ya leo tu."

"Masinde, sisi tunazika leo!"

Uso ukaanza kumbadilika. "Najua mnazika haraka," akasema. "Lakini kwetu haraka ni siku tatu."

Usilolijua ni usiku wa giza. Kwao maiti hungoja mochwari, michango ipatikane, ndugu wa Nairobi wafike, gari livuke mpaka wa Busia. Kwetu Waislamu, heshima ya maiti ni kuzikwa mapema. Na wanawake wa kwetu hawaendi makaburini. Tunaagana na mtu nyumbani, uso wake ukiwa wazi, kabla ya sanda kufungwa. Hiyo ndiyo nafasi yetu, na ikikupita imekupita. Nilidandia boda nikimwomba Mungu wachelewe, sheikh apotee njia, mvua inyeshe, chochote.

Mungu hakutaka. Nilikuta uani viti vitupu na maji ya kumwosha baba bado hayajakauka chini. Mama yangu, Kaltumi, alikuwa ameshaingia eda chumbani. Alinipa mkono, lakini hakunipa neno.

Kaka yangu Akram alirudi kutoka makaburini na udongo kwenye suruali. "Tulikungoja, Sumayiya. Hata sheikh alikungoja. Musee fulani alishika simu yako, akasema atakuambia. Tukasema, kale, sawa, anakuja. Mpaka adhuhuri ikapita. Banange! Maganda ilikuwa inakushinda kuacha?"

Namjua Akram. Ningemtaja Masinde, angemfuata Kyambogo na panga, nasi tungelia misiba miwili. Basi nikanyamaza, nikawa binti aliyepika maganda baba yake akizikwa. Wanawake waliosonga ugali wa msiba waliniangalia wakaangalia pembeni. Iliuma kuliko kifo chenyewe, nasema kweli.

Siku ya tatu Masinde akaja mwenyewe, amevaa suti, amebeba sukari na mchele. Nilimchukia. Nilitaka kumsukuma nje ya geti. Lakini macho yake yalikuwa mekundu, na alisema hatoki mpaka aongee na mjane. Mwanamke wa eda haketi na mwanamume wa kando, kwa hiyo aliwekewa kigoda nje ya mlango wa chumba, pazia likiwa katikati.

"Mama," akaliambia pazia, "mimi ndiye nilishika simu. Binti yako hakujua kitu. Nilinyamaza mpaka kazi yake iishe. Nilidhani namsaidia. Kosa ni langu, si lake."

Akram alisimama. Nikamshika mkono kwa nguvu zangu zote, naye akaniacha nimshike.

"Sumayiya hakujua?" mama akauliza.

"Hakujua, mama."

"Bambi, maskini." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Wewe rudi kwako, mwana yangu. Mimi sina ugomvi na wewe."

Masinde akaondoka akijifuta uso kwa tai. Niliinua pazia nikaingia. Mama alikuwa amekaa mkekani, mikono imelala mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alinitazama machoni.

"Walikuwa wanataka kufunga sanda, mimi nikakataa," akasema. "Nikasema, ngojeni mutoto wake. Nikangoja, nikangoja, nikaangalia mlango tu. Halafu hasira ikanishika. Nikasema, funika, huyu amekataa kuja." Akanishika mkono. "Muda wote ule baba yako alikuwa mbele yangu, na mimi nilikuwa nakugombeza wewe moyoni. Hata mimi sikumuaga, Sumayiya."