Mgomo wa Wagonjwa Wawili

Mwaka 1975 mimi na Yakubu tuligoma, na mpaka leo sijui kama tulishinda au tulishindwa.

Mimi nilitunga maneno ya nyimbo za bendi ya Gaspard, Mkongo tuliyemwita shefu, yaani bosi, aliyekuwa akipiga kila Jumamosi katika baa moja mjini Arua. Yakubu, binamu yangu, aliandika vichekesho vya kuchezwa kati ya wimbo na wimbo. Gaspard alituahidi shilingi arobaini kwa mwezi kila mmoja. Miezi minane ikapita, hata senti. Binti yangu Madinah alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka shule ya Mvara kwa kukosa karo, nami nilikuwa nalala na hasira, naamka nayo.

"Si ungemwomba?" mtasema. Hayo ni maneno ya watu wasioijua Koboko, mji tuliotoka mimi na Yakubu. Kwetu mtunzi wa nyimbo za arusi haombi. Anaimba, anatunzwa pesa. Akinyoosha mkono amemwita mwenye shughuli bahili mbele ya wageni, na hataitwa tena.

Basi tukaugua. Hiyo ndiyo njia ya heshima: mtunzi asiyetunzwa hupata homa, na mwenye akili huelewa. Jumamosi ya kwanza Gaspard alipiga nyimbo za zamani. Wiki ya pili akaniletea kilo mbili za sukari, mwaka ambao sukari tulikuwa tunaisikia kwa jina tu.

"Pole, mama Madinah," akasema mlangoni, akaenda zake.

Nikachanganyikiwa. Hii ni pole au ni malipo? Nikiipokea, mgomo umekwisha? Nikiirudisha, nimekataa sukari, na mimi si mwendawazimu. Nikamwita Yakubu. Naye hakujua. Tukaona tufikiri vizuri, na kwa kuwa kufikiri kunataka chai, tukachemsha.

Tulikuwa kikombe cha pili, tunacheka, Gaspard alipoingia tena.

"Ee! Bagonjwa benyewe banakunywa chai! Homa iko fasi gani?"

Yakubu akanitazama. Uvumilivu ukanishinda.

"Shefu, kwa nini wewe hapana lipa sisi? Miezi nane!"

Sasa akachanganyikiwa yeye.

"Lakini hamukuniomba! Kwetu mutu anaombaka feza yake. Kama haombi, anafanya kwa mapendo. Mimi nilisema, hawa banapenda muziki. Feza iko. Omba, mama."

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nikamfikiria Madinah.

"Nipe pesa yangu."

Akatoa pochi, akahesabu zote mia tatu na ishirini, akaniwekea mkononi bila kinyongo.

"Na ya Yakubu?"

"Yeye anaomba?"

Yakubu alikuwa anaangalia ndani ya kikombe.

"Kaka, sema!" nikamwambia. "Wewe iko naogopa nini? Sema tu!"

Yakubu akaweka kikombe chini. Baba yake alikuwa ameimba arusi za Koboko miaka thelathini, wala hakuomba hata mara moja.

"Mimi iko naandika kwa kupenda, shefu," akasema.

Gaspard akamshika mkono kwa furaha ya kweli, akamwita mutu muzuri.

Nilimfuata Yakubu njiani na nusu ya zile noti. Akaficha mikono nyuma.

"Dada, hiyo umeomba wewe," akasema.

Jumamosi ile akampelekea Gaspard kichekesho kipya, bila hata senti.