Bahasha Kumi na Moja

Severin hakuwa mtu wa kupoteza karatasi. Kila mwaka alipopewa kiwandani bahasha ya mfuko wa pensheni, aliibeba mpaka nyumbani Mafiga, akaifungia kwenye sanduku la bati pamoja na cheti cha ndoa. Zilifika kumi na moja, na hakufungua hata moja. Kiwandani ndivyo walivyoamini: barua ya serikali ukishaichana, nani atathibitisha kwamba hukuichezea? Rehani, mwenzake wa mashine moja, aliichana yake palepale getini, wakamwita kiherehere. Hata Editha, mkewe, alipoinua moja kwenye mwanga wa dirisha ajaribu kuisoma, Severin alimfokea kama mwizi.

Sasa amestaafu. Alizifunga zote kwa uzi, akazipeleka ofisi ya mfuko mjini.

"Shikamoo, mzee," alisema Yasmin, karani wa dirishani.

"Marahaba, mwanangu. Zote hizi hapa. Hazijaguswa."

Binti alizitazama bahasha, kisha akamtazama yeye. Akachana ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya tano mikono yake ilipunguza kasi.

"Mzee, tangu mwaka wa tatu mwajiri alikuwa anakukata mshahara, lakini michango haleti. Uliandikiwa humu kila mwaka. Na hapa chini imeandikwa, ukiona kasoro tuarifu mapema, tumbane."

"Basi mbaneni sasa."

"Kiwanda kimeshafungwa, mzee, na mwenyewe kahama nchi. Dai tutaandika, ila nisikudanganye. Waliolalamika mapema ndio waliolipiwa."

Severin alimkumbuka Rehani, akaona aibu kuliko hasira. Sheria ya kumlinda ilikuwepo, ililetwa hadi mkononi mwake, naye akaifungia sandukuni ili panya wasiile. Majuto ni mjukuu, husemwa. Huyu wake alikuja mtu mzima.

Nyumbani alimkuta Editha akichambua mchicha mlangoni. Aliziona bahasha zilivyochanika, akaelewa.

"Walikuwa wanakuambia?"

"Kila mwaka."

Severin alisubiri akumbushwe siku ile alipomfokea dirishani. Afadhali angekumbushwa. Editha aliuinamia tena mchicha wake.

"Kesho nitaamkia Mkuyuni," alisema mkewe, "nikaulizie kibarua cha kupalilia."

Mwezi uliopita Editha alikuwa ametimiza miaka sitini na mitatu.