Mkia wa Faili

Kompyuta ilikataa kufungua barua siku ya Jumatatu, na Herlinda hakumwambia mtu. Aliizima, akaifunika skrini kwa kitambaa cha meza, akaenda jikoni kusaidia kukanda unga. Jumanne wenzake walipomuuliza kama kuna jipya, akajibu mtandao umekatika. Jumatano akajibu vilevile. Alhamisi uwongo ukamwishia, kwa sababu Chayo, mwenye nyumba, alikuwa ameketi mlangoni anatazama tamthilia kwenye simu kwa mtandao huohuo.

"Mtandao gani uliokatika, shoga?" Chayo alimuuliza bila kuinua macho. "Bwana huyu hapa anamwacha mkewe kanisani, na picha haikwami hata kidogo."

Chayo akaizima simu.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba cha nyuma ya mgahawa wa Chayo, pale Torreón, kaskazini mwa Meksiko, ambako harufu ya gordita, vile vimkate vinene vya mahindi, zikikaangwa haikuwahi kutoka kwenye mapazia. Ukutani zilibandikwa picha za watoto wa kina mama wa kundi lao la kutafuta waliopotea, watoto waliochukuliwa majumbani, barabarani, wengine harusini, na hakuna aliyerudi. Kwenye kona zilisimama fimbo za chuma. Unaichoma fimbo ardhini mpaka izame, unaichomoa, unanusa ncha kama ina harufu ya maiti. Herlinda alikuwa na pua kali kuliko wote, na hilo si jambo la kumpongezea mtu.

Yeye pia ndiye aliyekuwa mtunza barua, maana aliwahi kuwa karani wa kiwanda cha maziwa kabla hajaacha kazi amtafute mwanawe Adán. Kompyuta ilikuwa moja, ya msaada, kuukuu, na programu ya barua pepe ya zama zake. Watu waliokuwa na jambo la kusema lakini wanaogopa kuonekana walilisema kwa njia hiyo. Barua ikishashuka kwenye kompyuta ile, kule mtandaoni ilikotoka haibaki.

Na kundi lilikuwa na sheria moja, aliyoiweka Herlinda mwenyewe: hakifutwi kitu. Mwaka wa kwanza uliingia ujumbe mchafu, matusi na kicheko, unaowaambia wakachimbe nyuma ya kiwanda cha pamba kama wana nguvu. Wakaufuta kwa hasira. Miezi mingi baadaye wachunga mbuzi waliona mifupa mahali hapohapo, na mama mmoja akawa amechelewa kumzika bintiye kwa sababu ya kubofya mara moja. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku hiyo yalitunzwa matusi, yakatunzwa matangazo, zikatunzwa barua za wana wa wafalme wanaotaka kugawa urithi. Nani ajuaye ni yupi kati ya hao anayesema kweli kwa kujificha?

Fundi Tello, anayetengeneza kompyuta na cherehani pale sokoni, aliwaonya mara chungu nzima. Chayo alipompigia simu mchana ule, alikuja na begi lake la bisibisi, akala gordita mbili za maharage akiwa amesimama, akafunua skrini.

"Nilisema mwaka jana," alisema. "Nilisema na mwaka juzi. Futeni matangazo."

"Ulisema," Herlinda alijibu.

"Dawa za nguvu za kiume, Mama Herlinda. Mnazo za kutosha kambi nzima ya jeshi, na humu ndani hakuna mwanamume."

"Si upo wewe," alisema Chayo. "Ukiona haya tutakufungia kwenye karatasi."

Tello alicheka, kisha akaacha kucheka kadiri alivyozidi kutazama. Akavuta kiti.

"Sikilizeni, mama zangu. Barua zenu zote zinakaa ndani ya faili moja. Faili la programu hii ya zamani lina mpaka wake, gigabaiti mbili, likivuka hapo halifunguki tena. Na lisipofunguka huwezi kuingia ukapunguza. Mmejaza chumba mpaka mlango hausukumiki, na anayetakiwa kutoa vitu yuko nje."

"Dawa yake?" Chayo aliuliza. "Jumamosi tunatoka kuchimba. Askari wa kutusindikiza tumewaomba tangu Pasaka, ndipo sasa wamekubali. Ramani yangu imo humo, fundi. Tungeichapa ile siku ilipokuja, ila printa haikuwa na wino."

Ramani hiyo ilikuwa picha ya karatasi iliyochorwa kwa kalamu, kisima, reli, miti mitatu, na alama ya msalaba. Aliyeituma alisema wamezikwa watatu pale, mmoja amevaa mkanda wenye kichwa cha farasi. Mwana wa Chayo aliondoka nyumbani na mkanda kama huo.

"Kuna programu ndogo," alisema Tello. "Inatengeneza nakala ya faili, halafu inaikata mkia. Faili la kwanza linabaki vilevile, siligusi. Nakala ikishafupika inafunguka, kisha naipitisha kwenye programu nyingine inayounga vilivyovunjika. Ila kitakachokuwa mkiani kitakwenda."

"Mkiani kuna nini?"

"Hapo ndipo sijui. Msidhani barua za mwisho kuja ndizo ziko mwisho. Faili linasukuma vitu popote penye nafasi. Barua moja unaweza kukuta kichwa kiko huku, mwili uko..."

Alinyamaza. Alikuwa amekumbuka amekaa chumba gani, chini ya picha za nani. Akaomba radhi kwa sauti ndogo, na Chayo akamwambia aendelee tu, masikio yao yalikwisha kufa ganzi zamani.

"Kata basi," alisema Chayo.

"Ngoja," alisema Herlinda.

"Tungoje nini?"

Herlinda aliushika ukingo wa meza. Hakuwa mtu wa kulia ovyo, na hakulia. Alisema tu, kwa haraka, kama mtu anayetema kitu cha moto, kwamba Jumatatu kabla kompyuta haijakwama uliingia ujumbe mmoja. Aliuona kichwa chake, maandishi meusi mazito ya barua ambayo haijasomwa: *Yule wa akodioni*. Akabofya. Skrini ikaganda, na toka hapo hakuona kitu kingine.

Adán alikuwa mpiga akodioni. Alitoka kwenda kupiga kwenye sherehe ya ubatizo, na akodioni mgongoni.

Herlinda na Chayo walikuwa wamechimba pamoja miaka, wamelala pamoja nyuma ya lori, wamegawana maji ya chupa moja katika jua la jangwani.

"Tangu Jumatatu," alisema Chayo. "Umeufunika kwa kitambaa tangu Jumatatu, na ramani yangu chini yake. Ukanitazama usoni ukaniambia mtandao."

"Niliogopa."

"Nani haogopi hapa?"

"Niliogopa kuusoma, Chayo. Ilimradi haufunguki, Adán yuko vilevile alivyokuwa. Nikawaza, siku moja tu zaidi. Kesho nikawaza tena hivyohivyo."

Uchungu wa mwana aujua mzazi, na Chayo aliujua, lakini kujua hakukumzuia kukasirika. Aliinuka akaenda jikoni, akapiga masufuria mawili matatu bila sababu. Aliporudi alikuwa na vikombe vya kahawa yenye mdalasini. Akaweka kimoja mbele ya Tello, kimoja mbele ya Herlinda, hiki cha pili kwa kishindo mpaka kahawa ikamwagika sahanini.

"Sema wewe," akamwambia. "Wewe ndiye mtunza barua."

Herlinda akapiga moyo konde. "Kata, fundi."

Programu ilifanya kazi polepole, na mstari wa kijani ulijikokota skrini nzima. Nje mteja aliita mara mbili, akachoka, akaenda zake. Nakala ilipofunguka barua zilimwagika juu mpaka chini, nyingine vipande, nyingine hazina jina la mtumaji. Tello aliitafuta ramani ya Chayo kwanza, bila kuambiwa, na Herlinda alimshukuru kimoyomoyo kwa hilo. Ilikuwepo. Kisima, reli, miti mitatu. Chayo akaipiga picha kwa simu, akaipiga tena, akaipiga tena.

"Sasa wa kwako," alisema Tello.

Aliandika neno akodioni. Ukatokea ujumbe mmoja. *Yule wa akodioni*. Siku iliyoandikwa ni Jumatatu. Tello akasogeza kiti pembeni ili Herlinda abofye mwenyewe.

Alibofya. Dirisha likafunguka, jeupe tupu. Kichwa kilikuwa juu, na anwani ya mtumaji, herufi na tarakimu zisizo na mpango. Chini hapakuwa na hata nukta.

"Shusha," alisema Herlinda.

"Hakuna pa kushuka, mama."

"Ulikata pakubwa."

"Nitakata padogo."

Akarudia kwa kukata padogo. Faili likafunguka, dirisha likawa jeupe. Akapunguza tena; safari hiyo nakala haikufunguka kabisa. Akajaribu baina ya hapa na pale, akajaribu mpaka jasho likamtoka shingoni, na kila mara ikawa ama mlango hausukumiki, ama barua haina kitu.

Herlinda ndiye aliyesema, wala hakuna aliyemlazimisha. "Kama tungefuta ule upuuzi, pangekuwa na nafasi."

Tello alijishughulisha na kipanya.

"Nijibu, fundi."

"Pangekuwepo, mama."

"Basi ni mimi. Nimemzibia njia mwanangu kwa matangazo ya dawa." Alisema hivyo kwa sauti kavu kabisa, ile ya karani anayesoma hesabu, na Chayo, aliyekuwa bado na kinyongo chake, akaja akasimama nyuma ya kiti chake. Hakumgusa. Alisimama tu pale.

"Sheria tuliiweka kwa mikono iliyoinuliwa," alisema Chayo. "Na wangu ulikuwa juu. Usijitwike peke yako, huna mgongo huo." Kisha akainama kwenye skrini. "Anwani yake si hii hapa? Mwandikie. Mwambie aseme tena."

Hilo lilikuwa jambo rahisi, na kwa muda mfupi wote watatu waliona haya kwa kutolifikiria. Herlinda akaandika kwa vidole viwili: *Barua yako ilifika lakini haikusomeka. Mimi ni mama yake. Sikuulizi wewe ni nani wala ulifanya nini. Niandikie tena.* Akausoma, akataka kuongeza neno, akaacha. Akatuma.

Jibu lilikuja papo hapo. Lilikuwa jibu la mashine, kwa Kiingereza, na Tello akalisoma taratibu huku uso ukimsawijika. Anwani hiyo haipo. Aliyeifungua ameifunga.

"Ameogopa," alisema Chayo.

"Ameogopa," alikubali Herlinda. "Na yeye."

Tello akaanza kuwaeleza kwamba nakala ile iliyofunguka bado imejaa karibu na ukingo, wasipopunguza leo itawagomea tena kabla ya Jumamosi, na barua nyingine zitakwama njiani. Lazima wafute. Herlinda aliweka kidole juu ya kitufe na kidole hakikushuka. Chayo akavuta kiti.

"Mimi nasoma, wewe unabofya. Kila moja mpaka mwisho. Ikiwa na neno la maana inabaki." Akavaa miwani. "'Mpendwa mteja, mkeo analalamika?' Halina maana hili. Sina mke. Futa."

Herlinda akafuta. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kile kiwanda cha pamba, na ilikuwa kana kwamba ametupa mfupa.

Walisoma hivyo mpaka jua likahamia ukuta wa pili, penye picha ya Adán. Tello alikuwa anafunga begi lake Herlinda alipomgeukia.

"Lile faili la kwanza. Ambalo hukuligusa."

"Liko. Nimewawekea kwenye flashi." Akamkabidhi kifaa kidogo cheusi, hakizidi kidole gumba.

"Na mkia wake?"

"Nao umo humo. Mzima."

"Kwa hiyo mwili wa barua umo humu."

"Kama uliwahi kuandikwa kabla mashine haijaganda, umo. Ila mimi siwezi kuufikia, mama. Kuna watu Monterrey wana vyombo vya kusoma faili kipande kwa kipande bila kulifungua. Wanaweza kupata, wanaweza wasipate. Na wanaweza kupata jambo usilotaka kulisoma."

Herlinda aliifumba flashi mkononi. Ilikuwa bado na joto la kompyuta. Miaka yote ile alikuwa amechoma fimbo katika mashamba ya watu, kwenye mabonde, pembeni mwa reli, akinusa ardhi ambayo haikujua jina la mwanawe. Hakuwahi hata siku moja kushika kitu akaambiwa, kimo humu.

"Jumamosi nachimba kwa ajili ya Chayo," alisema. "Jumapili basi la Monterrey linaondoka saa ngapi?"

"La kwanza ni alfajiri," alisema Tello.

Chayo hakuinua kichwa kutoka kwenye skrini. Alikuwa amefika kwa mwana wa mfalme mwingine, na alimsoma mpaka mstari wa mwisho kabla ya kumfuta.

"Kata tiketi mbili," alisema.