Chipu Yenye Akili Mbili

Mezani pangu palikuwa na chipu mbili za kompyuta, kila moja ndogo kuliko ukucha. Nilitakiwa kuchagua moja iwe ubongo wa mashine mpya ya kukanda unga, katika kiwanda cha biskuti ninakofanya kazi ya ufundi umeme. Chipu hiyo ingeendesha mota, na papo hapo ingezungumza na kompyuta za ofisini kupitia mtandao, ili wakubwa wahesabu biskuti bila kuinuka vitini.

Meneja, ambaye tunamwita Upesi kwa sababu hilo ndilo neno lake la kwanza kila asubuhi, aliinua ile ya kushoto. "Si ndiyo kama ile ya zamani? Weka hii, tusipoteze muda."

Ile ya zamani niliichagua mimi, miaka mitatu iliyopita, nikajiona fundi kwelikweli. Ilikuwa na akili moja tu: ikiwa inaijibu ofisi, amri za mota zinasubiri. Nami kwa ujuaji wangu, ili nipunguze waya, nikapitisha kitufe chekundu cha kusimamisha mashine kwenye chipu hiyo hiyo. Nilikijaribu asubuhi, ofisi haijafunguliwa, kikafanya kazi vizuri. Mchana, ofisi nzima inapouliza maswali, sikujaribu.

Mwendeshaji wa mashine hiyo alikuwa mdogo wangu, kitindamimba wetu. Mchana mmoja panga la kukandia lilinasa mkono wake wa kulia. Akabonyeza kitufe kwa ule wa kushoto. Chipu ilikuwa ikiijibu ofisi, mashine ikachelewa kusimama sekunde mbili, labda tatu.

Hospitalini aliniuliza, "Dada, kwani haikuweza kusimama mapema?"

"Hakuna mashine inayosimama haraka kuliko vile," nikamjibu.

Aliniamini. Siku hizi yuko stoo, anaandika kwa mkono wa kushoto. Mbele ya wageni hushusha mkono wa shati akakifunika kigutu chake. Mbele yangu hukiacha wazi, hata hukitumia kunisukuma begani akinitania. Kila akinisukuma, roho inaniuma.

Nikachagua chipu ya kulia, yenye akili mbili: moja ya mota peke yake, nyingine ya mtandao. Kitufe nikakipa waya wake, moja kwa moja hadi kwenye umeme wa mota. Upesi alinuna. Nikamwambia akitaka ile nyingine atafute fundi mwingine, akaondoka akiguna.

Siku ya majaribio nilisubiri mchana, kazi ofisini ikiwa imepamba moto. Mdogo wangu akaja kutoka stoo.

"Niachie mimi, dada. Mimi na hicho kitufe tunajuana."

Ningeweza kumkatalia. Au ningemvuta pembeni nimweleze kwanza. Nilisogea tu, nikampisha.

Akabonyeza. Panga likasimama palepale. Wenzetu wakapiga makofi, naye akacheka. Akawasha, akabonyeza tena. Mara ya tatu hakucheka. Aliliangalia panga, akakiangalia kigutu, halafu akaniangalia mimi.

"Dada, kumbe inawezekana."

"Ile ya kwanza niliikosea mimi," nikasema. "Hospitalini nilikudanganya."

Nilitamani anitukane, hata anisukume. Alishusha mkono wa shati taratibu, akakifunika kigutu chake, akarudi stoo.